Reli ndogo za mezani: geji, uwiano na milima ya jipsamu

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, neno geji limehama kutoka kwa wahandisi likaja vijiweni. Wakenya walitangulia kulizoea, maana Madaraka Express ilianza safari zake za Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Leo hata muuza kahawa atakueleza kwamba SGR, yaani reli hiyo mpya, ni pana kuliko reli ya zamani. Lakini neno hilohilo likifika kwenye treni ndogo za nyumbani, zile zinazojengwa juu ya meza kwa mbao, waya na jipsamu, linageuka kitendawili.

Treni hizi huuzwa kwa saizi zenye majina ya herufi, kama OO, HO na N. Mtu anaona kichwa cha treni kimeandikwa OO na reli zimeandikwa HO. Anauliza kama vinaingiliana, anaambiwa ndiyo, na kweli vinaingiliana, ila treni ikisimama kwenye kituo cha HO abiria wa plastiki wanaonekana wamedumaa. Mwingine ameagiza kichwa cha N kutoka Uingereza na mabehewa ya N kutoka Marekani. Vinaungana na vinatembea, lakini kimoja kinaonekana kaka na kingine mdogo wake. Wa tatu amenunua treni ya mitumba ya Märklin, kampuni ya Ujerumani, akaiweka juu ya reli za kawaida, na badala ya kuondoka ikapiga shoti.

Hakuna aliyetapeliwa kati ya hao. Wote wamekwama mahali pamoja, kwa sababu kazi hii ina nusu mbili zenye tabia za kugombana. Upande wa reli hautaki utani: ukikosea nusu milimita, behewa linalala ubavu. Upande wa mandhari, yaani milima, miti, mito na nyumba, unataka uongo, tena uongo uliopangwa. Wengi wanaoacha njiani wamezibadilisha hizo nusu. Reli wanaikadiria kwa macho, halafu wanahangaika kupima mti kwa rula.

Uwiano ni kitu kimoja, geji ni kingine

Uwiano ni idadi ya mara ambazo kitu halisi kimegawanywa ili kipatikane kidogo. HO, ambao ndio uwiano unaotumika zaidi duniani kwa treni za mezani, ni 1 kwa 87. Kila kitu kinagawanywa kwa 87. Mtu wa mita 1.74 anakuwa sentimita 2 kamili. Behewa la abiria la mita 26 linakuwa karibu sentimita 30. Mbuyu wa mita 20 unakuwa sentimita 23, na hapo utaona mara moja kwamba mbuyu mmoja tu unaweza kumeza kijiji chako chote. Tutaurudia mbuyu huo baadaye.

Geji ni umbali kati ya nyuso za ndani za reli mbili. Basi. Haisemi lolote kuhusu ukubwa wa treni inayopita juu yake. SGR ina geji ya milimita 1,435. Gawanya kwa 87, unapata milimita 16.5. Ndiyo maana reli za HO zina upana huo.

Sasa Waingereza wakaja na lao. Treni zao ni nyembamba na fupi kwa kimo kuliko za Ulaya bara, kwa sababu madaraja na mahandaki yao ya karne ya 19 yalijengwa ya kubana. Zamani, walipotaka kutengeneza vichwa vya treni vya HO, mota za wakati ule hazikutosha ndani ya bodi ndogo namna ile. Wakaikuza bodi hadi uwiano wa 1 kwa 76, wakauita OO, lakini reli wakaziacha vilevile, milimita 16.5. Mtu wa futi sita na mtu wa futi tano na inchi tatu wanaweza wote kuvaa kiatu namba 42, na hiyo ndiyo hadithi ya OO na HO. Ukizidisha 16.5 kwa 76 unapata reli ya milimita 1,254, pungufu ya ile ya kweli kwa sentimita 18 hivi. Itazame treni ya OO uso kwa uso: imebana miguu. Wapo Waingereza ambao jambo hili liliwanyima usingizi, wakaamua kujijengea reli zao wenyewe za milimita 18.83. Wengine wote walishazoea.

Kwenye N, geji ni milimita 9 kila mahali, lakini uwiano ni 1 kwa 160 Ulaya bara na Marekani, na 1 kwa 148 Uingereza. Wajapani wana mbili: treni ya mwendokasi ya Shinkansen, inayotembea kwenye milimita 1,435, wanaitengeneza kwa 1 kwa 160, treni zao za kawaida, zinazotembea kwenye reli ya milimita 1,067, wanazitengeneza kwa 1 kwa 150. Treni hizo za kawaida mezani zinapewa reli pana kuliko stahili yake. Kwa hiyo Mwingereza alibana, Mjapani akatanua, na wote wawili wanauza vizuri.

Na yule wa Märklin? Treni zake nyingi ni za uwiano wa HO na geji ya HO, ila umeme wake unapita tofauti. Chini, katikati ya reli mbili, kuna vidoti vya chuma vinavyotoa umeme, navyo huhesabiwa kama reli ya tatu, na kichwa cha treni kina ulimi wa chuma unaovigusa. Reli zote mbili za pembeni ni njia moja ya kurudisha umeme, hivyo magurudumu ya kulia na kushoto yameunganishwa kwa chuma bila kizuizi. Ukiyaweka kwenye reli za kawaida, ambazo kila moja inabeba upande wake wa umeme, umeunganisha chanya na hasi kwa mkono wako mwenyewe. Kabla ya kununua chochote cha mitumba, uliza swali moja: ni ya reli mbili au ya reli tatu?

Reli zetu zikipunguzwa

Afrika Mashariki tuna geji tatu, na zikishuka mezani linatokea jambo la kuchekesha. Reli ya zamani, ile ya Kati kwa Tanzania na ile ya Mombasa hadi Uganda, ni ya milimita 1,000. Gawanya kwa 87: 11.5. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni milimita 1,067; gawanya kwa 87: karibu 12.3. Dukani hakuna 11.5 wala 12.3. Kuna 12, geji iliyotengenezwa zaidi kwa ajili ya wapenzi wa treni za milimani za Uswisi, ambazo nyingi ni za mita moja. Maana yake reli ya Kati na TAZARA zinalingana mezani. Pale Kidatu, ambako mizigo hushushwa kwenye behewa la geji moja na kupakiwa kwenye la geji nyingine, mezani hapana kazi; treni ingepita moja kwa moja kama vile hakuna mpaka.

Milimita 12 hizohizo ndizo geji ya TT, uwiano wa 1 kwa 120 uliopendwa sana Ujerumani Mashariki. Kwa hiyo anayetaka treni ya reli ya mita kwa uwiano wa HO ananunua fremu na mota ya TT, kisha anaivika bodi aliyoijenga mwenyewe. Sitakuficha: ni kazi. Kichwa cha treni cha Shirika la Reli Tanzania (TRC) au cha Shirika la Reli Kenya hukikuti dukani kama vile unavyokuta cha Ujerumani. Anayeanza namshauri aanze na SGR au na reli ya nchi nyingine, ajifunze kulaza reli kwanza, mapenzi ya nyumbani yafuate.

Na kama mapenzi yenyewe ni yale majitu ya mvuke ya East African Railways, Garratt za daraja la 59, zilizojengwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima, kuna habari njema. Garratt moja ilizidi mita 30, na kwa HO inazidi sentimita 34, ndefu kuliko behewa lolote la abiria utakaloliweka nyuma yake. Ungedhani haitapita kwenye kona za mezani. Inapita, kwa sababu ileile iliyofanya ipite kwenye kona za kweli: boila limening'inizwa katikati ya injini mbili zinazogeuka kila moja kivyake. Aliyeibuni hakuwa akifikiria sebule ya mtu, lakini amesaidia.

"Nitahitaji nyumba nzima"

Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na limetokana na kufikiri kwamba lengo ni kupunguza njia yote. Fanya hesabu: TAZARA ina kilomita 1,860. Ukiigawanya kwa 87 unabaki na kilomita 21. Hakuna mwenye sebule hiyo. Hata Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001 na kujulikana kama maonesho makubwa kuliko yote ya aina hii, haijaribu. Inachukua sehemu: kituo, bandari, bonde moja la milima, halafu inafumba macho kwa umbali uliobaki.

Wewe pia chagua sehemu. Kituo kidogo, ghala la pamba, mahali wanapopakia saruji. Mwingereza mmoja, Alan Wright, alionesha kwamba hata mzunguko si lazima. Mpangilio wake uitwao Inglenook una njia tatu fupi zinazoshikana kwa pointi mbili tu, yaani vile vipande vya reli vyenye ulimi unaosogea na kuipeleka treni njia hii au ile. Njia ya kwanza inachukua mabehewa matano, nyingine mbili zinachukua matatu kila moja. Unaweka mabehewa manane, unapiga kura ya matano yatakayounda treni na kwa utaratibu upi, kisha unayapanga kwa kusukuma na kuvuta. Mpangilio unaoweza kutoka kwenye kura ni 6,720. Mchezo wote huo unakaa kwenye rafu ya mita moja na nusu, juu ya kabati la vitabu.

Ukijenga meza kubwa, kitu cha kupima kwanza ni mkono wako. Sehemu usiyoifikia bila kupanda kiti ndiyo treni itakapoangukia. Sentimita 75 kutoka ukingoni ni mwisho kwa watu wengi. Fremu ya mbao mbili kwa mbili iliyokauka vizuri, plaiwudi juu yake, pimamaji kila kona. Paka rangi au vanishi pande zote za mbao, hata chini kusikoonekana.

Sababu ya rangi hiyo ya chini inahusu imani nyingine: kwamba joto la Dar au Mombasa litazipinda reli. Reli ndogo nzuri ni za mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Kipande cha mita tatu kikipata joto la nyuzi 10 zaidi kinarefuka kwa nusu milimita tu. Ukiacha upenyo mdogo kwenye maungio umemaliza. Kinachopinda reli za watu ni mbao iliyonunuliwa mbichi, au iliyoachwa uchi ikanywa unyevu wa masika na kuutoa kiangazi. Halafu wanalaumu reli.

Kulaza reli: hapa usidanganye

Reli hailazwi moja kwa moja juu ya plaiwudi. Chini yake unaweka tandiko la koki (ile ya vizibo vya chupa za mvinyo) la milimita tatu hadi tano, au shiti ya EVA, ile malighafi ya ndala, linalokata kelele na kukupa umbo la tuta. Juu ya tandiko ndipo reli inakaa, ikiwa tayari na mataruma yake ya plastiki, yaani vile vipande vinavyokingama chini ya reli. Kipande kinachopindika huuzwa kwa urefu wa karibu mita moja. Unakipinda unavyotaka, unaikata reli iliyozidi, unapiga tupa ncha yake iwe laini. Pitisha ukucha juu ya kila ungio. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama.

Kona ndipo watu wanapojiponza. Seti nyingi za kuanzia zina kona ya nusu kipenyo cha sentimita 36 hadi 46. Zidisha 46 kwa 87: mita 40. Hakuna reli kuu duniani inayogeuka ndani ya mita 40. SGR ingehitaji mamia ya mita. Mezani tunakubali kwa sababu hatuna nafasi, lakini kukubali kuna mpaka. Kanuni nzuri inayotumiwa na wajenzi wazoefu ni kuchukua urefu wa behewa lako refu kuliko yote na kuuzidisha mara tatu; hiyo ndiyo nusu kipenyo ya kukupa amani. Behewa la abiria la sentimita 30 linataka sentimita 90. Kama una sentimita 46 tu, usinunue mabehewa ya abiria ya SGR. Nunua mabehewa mafupi ya mizigo, ya sentimita 12 hadi 15, na treni yako itapendeza zaidi hata kwa macho, maana haitaning'inia nje ya kona kama mlango uliovunjika bawaba.

Kosa baya kuliko kona kali ni kona mbili zilizogusana, moja ya kulia na moja ya kushoto, bila kipande kilichonyooka katikati. Behewa la mbele linavutwa huku, la nyuma kule, kiungo kinakaza, na jepesi linatoka. Weka katikati yake reli iliyonyooka yenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote.

Mteremko nao una hesabu yake. Unataka treni moja ipite juu ya nyingine? Kwa HO unahitaji kimo cha sentimita 8 hivi, pamoja na unene wa daraja. Mteremko mzuri ni asilimia 2, yaani kupanda sentimita mbili kwa kila mita. Sentimita 8 zinataka mita nne za kupanda na mita nne nyingine za kushuka. Kwenye meza ya mita mbili haiwezekani, labda ukubali asilimia 4 na treni ya mabehewa matatu. Wengi hugundua hili gundi ikishakauka.

Umeme, na ile njia inayojirudia

Kwanza hofu iondoke. Reli ndogo za kawaida hutumia umeme wa volti 12, ukitoka kwenye adapta inayoushusha kutoka ule wa ukutani. Ukizigusa hutahisi kitu. Hatari iko kwenye adapta ya bei poa isiyo na kinga, si kwenye reli. Wala umeme wa ukutani usikaribishwe kwenye reli kwa namna yoyote.

Reli mbili ni nyaya mbili: moja chanya, moja hasi. Ukibadilisha chanya ikawa hasi, treni inarudi nyuma. Mzunguko wa kawaida wa yai hauna tabu. Tabu inaanza pale unapotaka treni iende, izunguke na irudi kwa njia ileile iliyojia, ikielekea ilikotoka. Chora kwenye karatasi, kwa kalamu nyekundu reli ya kulia na kwa bluu reli ya kushoto. Fuata nyekundu kwa kidole kuzunguka kitanzi chote hadi kinaporudi kwenye pointi. Nyekundu inaangukia juu ya bluu. Hiyo ni shoti, na hakuna utaalamu wa kuunga waya utakaoiondoa, kwa sababu imo ndani ya umbo lenyewe. Dawa ni kuzikata reli zote mbili kwenye mwanzo na mwisho wa kitanzi, kitanzi kipate umeme wake peke yake, kisha swichi au kifaa cha kujiendesha kibadilishe chanya na hasi treni ikiwa humo ndani. Kitanzi kiwe kirefu kuliko treni yako. Mwenye Märklin wa reli tatu hapa anacheka, maana reli zake mbili za pembeni ni kitu kimoja na tatizo hilo halimhusu.

Jambo la mwisho la umeme: usitegemee maungio ya reli kupitisha umeme meza nzima. Lehemu waya mwembamba kila baada ya mita moja hivi, zote ziungane na nyaya nene mbili chini ya meza. Fanya hivyo kabla ya mandhari. Kisha chukua treni yako ndefu kuliko zote na uipitishe njia nzima ikisukumwa kinyumenyume, taratibu. Kuvuta huficha makosa. Kusukuma huyaanika yote.

Mandhari: hapa danganya

Sasa rudi kwenye ule mbuyu wa sentimita 23. Kwa hesabu ni sahihi. Mezani unaonekana jini, na mlima wa kweli ndiyo usiseme: Kilimanjaro, mita 5,895, kwa HO ni karibu mita 68. Hakuna mandhari inayojengwa kwa uwiano. Mafundi hupunguza miti hadi nusu, na ya nyuma hupunguza zaidi. Mbele kabisa, karibu na macho, weka mti wa sentimita 12 uliotengenezwa kwa uangalifu. Nyuma, karibu na ukuta, weka vichaka vya sentimita 3 vyenye rangi iliyopauka kidogo, kwa sababu hewa ya mbali hupausha rangi. Macho yanaona kilomita mbili pale ulipo na sentimita 40.

Milima hujengwa kwa wavu wa kuku, au vipande vya maboksi vilivyosukwa kama jamvi, kisha kufunikwa na kitambaa kilicholowekwa jipsamu. Kitu hicho kinauzwa famasi: bendeji ya plasta, ileile ya kufungia mfupa uliovunjika. Unaikata vipande, unavitumbukiza kwenye maji, unavitandaza vikipandana. Safu mbili zinatosha. Nafuu zaidi ni kuchukua jipsamu ya poda ya mafundi dari na kuchovya humo matambara ya pamba. Kabla haijakauka kabisa, ikwaruze kwa kisu kupata nyufa za mwamba. Rangi iwe ya maji, isiyong'aa. Mng'aro ndio unaofanya kazi nzuri ionekane mwanasesere.

Udongo bora ni udongo. Uchukue ulioukausha juani, uupepete kwa chujio la chai, uumwage juu ya gundi nyeupe ya mbao. Wekundu wa udongo wetu hauhitaji rangi ya kopo. Huko Ulaya watu wanaununua kwenye mifuko. Zamani, kabla ya sponji za rangi, majani yalitengenezwa kwa vumbi la msumeno lililopakwa rangi ya kijani, na bado linafaa kwa mtu wa bajeti ndogo. Nyuzi za katani zikikatwa fupi na kusimamishwa kwenye gundi zinatoa nyasi ndefu za kiangazi vizuri kuliko kingine chochote nilichokiona. Majani ya chai yaliyotumika yanafaa kwa takataka za msituni, ila yakaushe hadi yawe kama unga. Yakibaki na unyevu yanaota ukungu, na ukungu hauna uwiano.

Kokoto za reli ndizo kazi ya kuitolea jioni nzima. Kokoto halisi zina ukubwa wa sentimita 3 hadi 6. Kwa HO ni kati ya theluthi moja na theluthi mbili za milimita, yaani mchanga uliopepetwa. Watu huweka changarawe kubwa mno, na reli inaonekana imelazwa juu ya mawe ya msingi. Mchanga wa pwani una chumvi, uoshe mara kadhaa. Kisha upitishe sumaku juu yake, kwa sababu michanga mingi ina chembe za chuma, na chembe hizo zitavutwa na sumaku ya mota na kuiua. Sumaku hiyohiyo itakupimia reli za mitumba: zikinasa ni za chuma, zitapata kutu Tanga kabla ya mwaka kuisha, ziache.

Kwanza paka rangi ya kutu ubavuni mwa reli, ufute juu. Mwaga mchanga ukiwa mkavu, usawazishe kwa brashi laini hadi mataruma yaonekane na pasiwepo chembe inayopanda juu yake. Usimwage gundi bado. Nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kama umande, hadi mchanga ulowe. Ukiruka hatua hii, tone la gundi litasimama juu kama tone la maji kwenye jani la muhogo, kisha litaviringika na mchanga wako wote. Sabuni inavunja ukaidi huo wa maji. Sasa chukua gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, sehemu moja kwa moja au moja kwa mbili, na uidondoshe kwa bomba la sindano katikati ya mataruma. Itanyweka yenyewe. Kwenye pointi, kaa mbali na ulimi unaosogea. Tone moja hapo na pointi imeganda. Kesho yake kila kitu ni kigumu kama saruji, na ukitaka kukibomoa, maji ya moto yanakilainisha.

Mto haujengwi kwa maji. Unapaka sakafu yake rangi nyeusi ya kijani katikati, hudhurungi kingoni, kisha unamimina resini angavu kwa safu nyembamba, milimita mbili tatu kila safari. Safu nene hupata joto ikikauka na kupasuka. Kina chote kinatoka kwenye rangi ya chini. Resini ni kioo tu.

Na zile nyaya za juu?

Swali hili linaulizwa sana tangu treni ya umeme ianze kwetu: je, treni ndogo ya SGR inachukua umeme juu? Karibu zote hazichukui. Umeme unatoka kwenye reli kama kawaida, na mkono wa juu wa treni unagusa waya kwa urembo, ingawa baadhi ya vichwa vya zamani vina swichi ya kuviwezesha kuchukua umeme wa juu kweli. Waya halisi unaoguswa na treni una unene wa milimita 12 hivi. Kwa HO ni milimita 0.14, mwembamba kama uzi wa kushonea, na treni ingeukata siku ya kwanza. Viwanda huuza wa nusu milimita na zaidi, mnene mara tatu au nne ya stahili, kwa sababu lazima ubebe mkono unaousukuma kwa chini bila kupinda. Nguzo nazo husogezwa karibu kuliko zinavyostahili. Wapo wanaofunga waya wa kweli kwa uwiano, wakaushusha mkono wa treni kidogo usiuguse kamwe. Kwa mtazamaji aliyesimama nusu mita kutoka mezani, hao ndio wenye SGR inayofanana na ya Dar.